Anti, Kwanini Wanapenda Kama Wamerogwa?

Haya jamani, toleo lililopita nilisema mwenye swali la anime na manga alete, nikajua nitaulizwa Naruto na One Piece kama kawaida, kumbe wasomaji wangu mshafika mbali. Barua nyingi mwezi huu ni za yuri, yani zile manga za Kijapani ambazo msichana anampenda msichana mwenzake, na karibu zote zinazungukia kitu kimoja, ule wazimu. Nimechagua nne. Majina nimetoa, wenyewe mtajijua.

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nasoma chuo Morogoro. Nimemaliza anime ya Adachi and Shimamura nikaenda mpaka kwenye riwaya zake, sasa Anti, huyu Adachi ni mzima kweli? Hana rafiki mwingine, hana hobi, akilala Shimamura akiamka Shimamura, akijibiwa meseji neno moja anaishi nayo siku nzima. Rumeti wangu anasema huo ni uandishi mbovu hakuna binadamu anayependa hivo. Mi naona aibu kusema lakini kuna siku najiona mulemule. Kwanini kwenye hizi manga wanapenda kama wamerogwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rumeti wako msamehe, inaonekana yeye kapenda ukubwani.

Adachi ni mzima ila ni mtu ambaye hana mtu. Rudi mwanzo kabisa, wanakutana jimu ya shule kule juu ghorofa ya pili, kila mmoja katoroka kipindi kivyake, kuna meza ya pingpong basi wanacheza, wanaongea ovyo ovyo, siku inaisha. Alafu angalia kwao Adachi, ye na mama yake wanaishi nyumba moja hawajui hata waongee nini. Sasa mtu wa hivo akija kupata mtu mmoja tu anayemwona, anamrundikia huyohuyo kila kitu, urafiki humo, undugu humo, mapenzi humohumo, mzigo wote kichwani kwa Shimamura ambaye masikini ya Mungu ye alikuja kucheza pingpong. Na Shimamura si mbaya, ni mvivu wa watu tu, mtu akimsogelea sana anachoka.

Kama umefika kwenye lile tamasha la kiangazi utakuwa unakumbuka, Adachi anamwona Shimamura yuko na Tarumi, rafiki yake wa utotoni, roho inamtoka, baadae anapiga simu. Pale mwandishi, Hitoma Iruma, anaachia maneno ya Adachi yatiririke tu, yule nani, mlikuwa mnafanya nini, mbona hukuniambia, na mimi je, hakuna pa kupumulia, unasoma mpaka unamwonea aibu wewe msomaji, unataka umpokonye simu. Na Shimamura anasikiliza weee, mwisho anachomjibu ni kwamba anasumbua. Basi! Mwandishi mbovu angemliza Shimamura pale, angemfanya aseme kumbe unanipenda hivi, wakumbatiane mvua inyeshe. Kwahiyo rumeti mwambie anachokiona kibovu ni Adachi, sio uandishi.

Sasa kwanini wako hivo wengi. Mi nilivozisoma hizi kazi, za zamani na za sasa, naona krashi ya kwenye yuri mara nyingi haianzi na mtu, inaanza na picha ya mtu. Na kuna stori moja ambayo picha yenyewe ni picha kabisa ya kamera. Maria-sama ga Miteru, riwaya za Oyuki Konno zilizoanza 1998, anime ikaja 2004. Shule ya wasichana ya Kikatoliki, na wana desturi yao, dada wa darasa la juu anamchagua mdogo wa chini anampa rozari, basi wanakuwa dada na mdogo rasmi. Yumi ni wa mwaka wa kwanza, wa kawaida tu, asubuhi moja anaitwa kwa nyuma, anageuka, ni Sachiko Ogasawara, nyota wa shule, tajiri, mrembo, na Sachiko anamnyooshea tai ya sare yake anaondoka zake. Mwanafunzi mwenzao mwenye kamera akawapiga picha. Yumi kadata, kafa kaoza. Alafu wanakuja kukutana ana kwa ana, Sachiko hamkumbuki. Kabisa! Kwa Yumi lile lilikuwa tukio la maisha, kwa Sachiko ilikuwa tai imepinda.

Utamu unaanza hapo. Sachiko kapangiwa kuigiza Sinderela na kijana ambaye hamtaki, na wakubwa wenzake wamemwambia mtu asiye na mdogo hana sauti ya kulalamika, basi anamdaka Yumi aliye mbele yake anatangaza huyu hapa ndo mdogo wangu. Ndoto ya Yumi imemfuata mpaka mlangoni. Na Yumi anaikataa ile rozari. Anataka kupendwa yeye, hataki kuwa tiketi ya mtu kutokea kwenye igizo. Mi nikimaliza kukaa na Adachi siku nzima huwa namrudia Yumi nipumue.

Na mnaouliza kwanini kila saa ni shule ya wasichana tupu, maua, kuta ndefu, wavulana hakuna, hilo lina sababu yake na ni ya zamani. Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri kila mkoa uwe na shule ya sekondari ya wasichana. Basi binti wa familia yenye uwezo akapata kitu ambacho bibi yake hakuwa nacho, miaka kadhaa kati ya utoto na ndoa ambayo anakaa na wasichana wenzake tu, wanaandikiana barua, wana siri zao, na mkubwa na mdogo wanapendana mpaka wanakonda. Mapenzi ya namna hiyo yalikuwa yakiitwa esu. Wazazi na walimu wengi waliliacha kwa sababu walijua mwisho wake uko wapi, siku ya kumaliza shule binti anarudi nyumbani, mume ameshatafutwa. Hebu jiweke pale, unapenda huku unajua kalenda ya shule ikiisha na hili limeisha, we utapenda kwa utaratibu? Utapenda kwa pupa tu.

Aliyeyaandika hayo mpaka yakawa mtindo ni Nobuko Yoshiya. Kuanzia 1916 alikuwa anatoa hadithi fupi kwenye gazeti la wasichana, zikaja kuitwa Hana Monogatari, kila moja na ua lake, na humo ni kuagana, kulia, barua, kukumbukana. Ukisoma unatafuta kitambaa. Ila maisha yake mwenyewe sasa! 1923 akakutana na Chiyo Monma, mwalimu wa hesabu, wakakaa pamoja mpaka Yoshiya alipofariki 1973, na 1957 akamwasili kisheria awe mtoto wake kwa vile sheria haikuwa na mlango mwingine wa kuwafanya wawe familia. Nyumba yao ya Kamakura leo ni makumbusho. Yani yule aliyewaliza wasichana wa Japani kwa hadithi za kuagana, ye mwenyewe aligoma kuagana.

Baada yake manga zikarithi yale machozi. Shiroi Heya no Futari ya Ryoko Yamagishi, 1971, ambayo wengi wanaihesabu ndo manga ya kwanza ya yuri, iko kwenye shule ya bweni Ufaransa na mmoja anakufa. Oniisama e ya Riyoko Ikeda, miaka hiyohiyo ya sabini, ndo usiseme, Mariko anamganda Nanako mpaka inatisha, na Rei anahangaika na Fukiko ambaye kila akimpa tone la upendo anampa na kisu. Anime yake ya 1991 ipo, vipindi 39, jiandae.

Sasa wewe uliyesema unajiona mulemule. Usione aibu. Nakupa kazi moja tu, chukua karatasi uandike ukurasa mmoja kuhusu huyo mtu wako bila kujitaja wewe popote, anaogopa nini, anachukia chakula gani, nani alimkera wiki hii, anawaza nini kuhusu mwakani. Ukijaa, basi unamjua, endelea kumpenda taratibu. Ukiishia mistari mitatu ya anavyocheka na anavyovaa, basi bado unampenda Sachiko wa kwenye picha, nenda kwanza kapige nae stori za kawaida. Na tafuta mtu wa pili wa kuongea naye mambo yako, hata huyo rumeti mwenye mdomo.

SWALI: Anti habari za huko. Niko Mombasa, mimi ni keshia kwa supamaketi. Natoka kazini saa tatu usiku miguu yaniuma, nikifika tu nafungua simu nasoma I'm in Love with the Villainess hadi saa nane, saa tisa. Hata nikiwa kazini nawaza Rae na Claire, juzi mteja amesimama na chenji yake mkononi akaniuliza dada uko? Dadangu asema nimetoroka dunia. Je, ni makosa? Maana humo ndani ndo mahali pekee mtu hanifokei.

JIBU: Nzuri mama, pole na miguu.

Umechagua kitabu kinachokujua kuliko unavodhani. Huyo Rae kabla hajawa Rae alikuwa nani? Mfanyakazi wa ofisini Japani, kazi zimemmaliza, raha yake pekee ni gemu anayoicheza usiku. Anaamka yuko ndani ya hiyo gemu, na badala ya kuwafuata wale wana wa mfalme watatu ambao gemu imemwandalia, anamfuata Claire, binti wa kitajiri mwenye kiburi, adui wa stori, ambaye kazi yake ni kumtukana. Na Rae akitukanwa anachekelea! Inori, mwandishi, alianza kuiweka bure kwenye intaneti 2018, ikawa riwaya, ikawa manga, 2023 ikawa anime, na nadhani imependwa sana na watu waliochoka kwa sababu inaanza na mtu aliyechoka.

Mwanzoni mi ilinikera kidogo, sitaficha. Ukiondoa vichekesho, Rae ni mtu aliyemganda mwenzake, anajifanya mjakazi ili akae karibu, na anajiona anamjua Claire kwa vile ameicheza gemu mara nyingi. Kujua mtu kwa kumchezea gemu! Ila kuna mahali mzaha unasimama. Misha, rafiki yake, anamuuliza waziwazi kama ni wa kupenda wasichana kweli, na Rae anajibu kwa utulivu, na pale ndo unaelewa zile kelele zote ni ngao, ukimpenda mtu kwa utani kila siku hakuna siku ya kukataliwa rasmi, maana hujaomba rasmi. Nikarudi nyuma nikaanza upya kusoma na vichekesho vilevile vikawa vinauma.

Na kingine, tazama alipotorokea. Alikimbia ofisi akaangukia kwenye nchi ya mabwana na walalahoi, watu wana njaa, na ye kwa vile anaijua stori anajua mapinduzi yanakuja na Claire wake atauawa. Kwahiyo kule kwenye ndoto ana kazi ngumu kuliko ya ofisini, tofauti ni kwamba hii kachagua mwenyewe. Dadako akisema umetoroka dunia mwambie na huko kuna siasa vilevile.

Kosa? Hapana. Mtu aliyefokewa kutwa nzima ana haki ya mahali ambapo hafokewi. Mi shida yangu na wewe ni saa tisa ya usiku, maana hilo deni la usingizi unakuja kulilipa kaunta, mteja anafoka, unachoka zaidi, unakimbilia simu, hivohivo kila siku. Weka simu chaji mbali na kitanda, jipe sura mbili kwa usiku, zingine ngoja siku ya ofu usome mpaka macho yagome. Na ukiona hata siku ya ofu hutaki kuamka, huoni njaa, hutaki watu, hiyo sio manga tena mama, nenda kaongee na mtu wa afya. Kabi Nagata, mchoraji wa manga, aliyachora hayo ya kwake mwenyewe, upweke, kushindwa kula vizuri, kushindwa kutoka nje, akaanza kuyaweka Pixiv, mtandao wa wachoraji, na 2016 kikatoka kitabu, hakuna binti wa kitajiri humo wala uchawi. Ila usikisome ukiwa na huzuni peke yako usiku.

SWALI: Anti mambo. Niko Dodoma. Kuna dada anaimba laivu mtandaoni, sio maarufu kivile, na mimi kila akiingia laivu nipo, namtumia zile zawadi za kununua mtandaoni, maua, simba, hela ya boda yote inaishia kule natembea kwa miguu. Hajawahi kunitaja jina hata siku moja, wengine anawataja. Wenzangu wananicheka. Nikasoma ile manga ya shabiki na idol nikalia, ni mimi kabisa. Je anaweza kuja kunipenda?

JIBU: Poa kabisa. Unasema Oshi ga Budokan, ya Auri Hirao, na kama ni hiyo basi pole, maana huyo Eripiyo ni kiboko yetu sote. Kwa wasioijua: kuna kikundi kidogo cha mabinti saba wa kuimba na kucheza huko mkoani Okayama, ChamJam, na kati yao Maina ndo mwenye mashabiki wachache kuliko wote, yani ni kama Eripiyo peke yake. Eripiyo anafanya kibarua kiwanda cha mikate, hela yote inaenda kwenye CD maana CD ndo inakupa nafasi ya kumshika mkono Maina kwa sekunde chache, mpaka nguo hana, anavaa treksuti nyekundu ya shule aliyomaliza zamani, mvua jua harusi msiba ni hiyohiyo. Akifika mbele ya Maina maneno yanamkauka ama anasema kitu cha ajabu. Na Maina anajibu kikavu, Eripiyo anaondoka akijua hapendwi.

Sasa sikia tofauti. Msomaji tunaona upande wa pili, tunajua Maina naye anamsubiri Eripiyo, anahesabu siku, ni aibu tu inamkaba. Manga inakufungulia mioyo yote miwili ndo maana unalia kwa raha. Wewe kwenye laivu umefunguliwa mmoja tu, wa kwako. Yule dada anaweza kuwa Maina, anaweza pia kuwa mtu aliyechoka anayesoma majina yanayopita haraka kwenye skrini akawahi matatu. Huwezi kujua na simba hamsini hawatakwambia.

Kupendwa na mtu ambaye hajui sura yako sikuahidi. Ukipenda sauti yake pendelea sauti, ni halali, Eripiyo mwenyewe kwa siku zake nzuri furaha yake ni Maina asimame jukwaani kubwa, hata kama yeye yuko kule nyuma. Ila kodi kwanza, chakula, boda, kinachobaki gawa nusu, hiyo nusu ndo ya maua. Na andika komenti kuhusu wimbo, sema ni beti ipi imekugusa. Simba wanatumwa na wengi, wanaosikiliza ni wachache.

SWALI: Anti, mie tofauti na wote. Nimesoma manga hizi nyingi, napenda, nalia, ila mimi binafsi sijawahi kupata krashi ya mtu yeyote na nina miaka 22. Wenzangu wakiongea natabasamu tu. Nimeharibika wapi?

JIBU: Hujaharibika popote, na wewe una manga yako kabisa, Bloom Into You ya Nio Nakatani, 2015 mpaka 2019, vitabu nane. Yuu ni wewe. Kasoma manga zote za mapenzi, anazijua nyimbo, anasubiri ile nyota ya moyoni iwake kama walivyomwahidi, kijana anamwambia nakupenda na yeye anakaa kimya siku zinapita maana ndani hamna kitu. Anakutana na Touko, dada wa juu yake anayegombea uongozi wa wanafunzi, ambaye kila anayemtaka anamkataa, akasema afadhali mwenzangu huyu hapa. Na mwenzake palepale anampenda yeye!

Ila angalia anampendea nini. Touko maisha yake yote anamwigiza marehemu dada yake, yule alikuwa bora shuleni na yeye anajilazimisha awe vilevile, kwahiyo Touko anajua kila anayempenda anampenda dada. Yuu asiyempenda mtu yeyote ndo mahali pake pa kupumzika. Touko anamwomba kabisa, usije ukanipenda. Umeona ujanja huo? Touko naye katengeneza picha, msichana asiyebadilika, wa kujifichia. Na Yuu anabadilika, polepole sana, bila fataki, mpaka inabidi amfiche mwenzake kwamba sasa anahisi. Mi sijaona manga nyingine iliyomchukua mtu asiyehisi ikamngoja bila kumharakisha. Na kuna Sayaka pembeni, rafiki wa Touko, anampenda kimyakimya miaka yote kwa adabu, huyo ukimaliza uje unambie ulivomuonea huruma.

Usisome ukitafuta tarehe yako na wewe ya kuanza kuhisi, labda itakuja labda haiji, wapo watu wa namna zote na wanaishi vizuri tu. Humo kuna Maki, kijana ambaye anafurahia mapenzi ya watu kama mtazamaji wa tamthilia na yeye hataki kupanda jukwaani, na mwandishi hamrekebishi, anamwacha hivohivo. Kitu kimoja cha kiufundi: anime ya 2018 ni nzuri sana ila inaishia kabla lile igizo la shule halijachezwa, na igizo ndo moyo wa stori. Ukimaliza kipindi cha 13 chukua kitabu cha tano uendelee.